Kidole cha Reuben Chini ya Mashine ya Kondoo

Tamsin Noske hata hajamaliza kushuka garini, mguu mmoja ndani, mwingine ushazama kwenye tope la Julai, kaka yake Reuben akaja kumpokea begi, na hapohapo moyo ukamlipuka pa! Si kwa furaha. Ni zile kucha. Jamani, zile kucha! Wa kidole cha shahada umejaa vishimo vidogovidogo kama bati lililopigwa na mvua ya mawe. Wa kidole gumba umebanduka pembeni kama stempu ya zamani, na chini yake kuna doa la njano, utafikiri tone la mafuta limenaswa humo. Na kidole cha pete, maskini, kimevimba chote, shina mpaka ncha, kimekaa kama soseji.

"Reuben, hizi kucha zimeanza lini?"

"Mimi mzima, asante, sijui wewe dada. Safari salama? Haya, karibu nyumbani."

"Nimekuuliza kucha!"

"Aa, fangasi tu. Tumeitoa kwa kondoo. Mama ananitibu."

Mama ananitibu. Sasa sikia matibabu yenyewe. Jioni hiyo Glenys, mama yao, ambaye ndiye mpishi wa timu ya wanyoa kondoo pale shambani Kurrabeen, akaleta beseni jikoni, akamimina humo dawa kutoka kwenye dumu kubwa la plastiki, akamwambia Reuben atumbukize mikono. Tamsin akageuza dumu asome. Akasoma tena. Ilikuwa dawa ya kwato! Ileile ambayo kondoo wanapitishwa ndani yake wakioza miguu.

"Mama! Reuben hana kwato!"

"Umemwona anavyokula?" Glenys akajibu, wala hakugeuka. "Kondoo mia tano wamepona na dawa hiyo, sembuse mwanangu mmoja."

"Na daktari wa mjini je?"

"Alimpa vidonge vya fangasi," Glenys akasema. "Akampima na damu. Safi kabisa."

"Damu inaweza kuwa safi na ugonjwa upo! Reuben, geuza shingo." Akamshika sikio kama anamshika mwizi. Nyuma ya sikio, magamba meupe. "Na hii?"

"Mba."

"Na kisigino? Kinakuuma asubuhi ukikanyaga?"

Reuben akamtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia?"

Tamsin akakaa chini. Huyu Tamsin yuko mwaka wa mwisho chuoni Melbourne, anasomea kupiga picha za ndani ya mwili kwa altrasaundi, na muhula uliopita walimpeleka akajifunze kazi kwenye kliniki ya viungo. Kule ndiko alikoziona kucha kama hizi. Soriasisi ya kucha, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba. Na aliwaona pia waliochelewa: mafundi, wapiga piano, mama mmoja mshona magauni ya harusi, vidole vimepinda kama tangawizi, na daktari anawaambia kwa sauti ya upole kwamba kiungo kilicholiwa hakirudi. Sasa kaka yake wa pekee, ananyoa kondoo tangu aache shule, hana kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka, anakaa mbele yake na mikono ndani ya dawa ya kwato, anatabasamu!

"Sikiliza," akasema. "Ukucha si kigae kilichobandikwa juu ya kidole. Mzizi wake umeshikana na kano inayonyoosha kidole, palepale kwenye kiungo cha mwisho. Ukucha ukiumwa hivi, jirani yake wa kwanza ni kiungo. Hii si fangasi. Hii ni baridi yabisi inapiga hodi."

"Baridi yabisi tunaijua," Reuben akasema. "Ni wale kondoo wa Aprili walioloa mvua. Ukinyoa kondoo mwenye manyoya mabichi lazima uipate, muulize mnyoaji yeyote. Itaisha manyoya yakikauka."

Weee! Tamsin alitamani apige kichwa ukutani.

Lakini hakukaa bure. Kesho yake akashika simu, akaomba, akasihi, akampigia mpaka mwalimu wake, na mwisho ikapatikana bahati ya ajabu: Daktari Seneviratne, bingwa wa viungo kutoka Melbourne, anakuja Horsham Alhamisi hiyohiyo, siku moja tu, na ile mashine nzuri ya kuangalia vidole. Mgonjwa mmoja kaghairi. Saa tisa alasiri. Ukimkosa, anarudi kipupwe kikishapita, wakati wa maonyesho ya kilimo. Tamsin akaruka jikoni nzima kama kangaruu, akamkumbatia mama yake na mwiko wake.

"Reuben! Alhamisi! Saa tisa!"

"Nitaona," Reuben akasema.

Sasa mtu asiyemjua Reuben angefurahi. Anayemjua anajua kwamba "nitaona" yake imezika mambo mengi: meno, bima ya pikapu, na uchumba na binti mmoja wa Dimboola.

Alhamisi ikafika. Tamsin akaingia bandani kusaidia kuokota manyoya, maana aliona bora awe karibu na mtu wake, ikifika saa saba amkamate shati, wapande gari, waende. Banda lilikuwa limechangamka, mashine zinavuma, manyoya yanaruka mezani. Nje kwenye zizi, Kelvin Bruhn, mpima mimba za kondoo, alikuwa naye kazini.

Huyo Mzee Kel anajulikana eneo zima la Wimmera. Anakaa kwenye kiti kifupi ndani ya trela lake, kondoo wanapita mmoja mmoja, anagusisha kile kipimo chake chini ya tumbo, anatupia jicho kwenye kioo, anapiga kelele: "Mmoja! Pacha! Pacha! Mtupu!" Akisema mtupu anakanyaga pedali, rangi ya buluu inaruka, chwaa, mgongoni kwa kondoo. Haraka hivyo, mpaka unapata kizunguzungu.

Kengele ya chai ikalia. Watu wakatoka nje na vikombe vyao. Glenys akaleta sinia la soseji za moto. Na hapo Dooley, mkubwa wa timu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo, akamwona Reuben anakunjakunja vidole.

"We Reuben! Si dada yako anataka upigwe picha? Mashine hiyo hapo! Bure! Na huvui suruali!"

Wakacheka. Reuben naye, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akaweka kikombe chini, akaenda kukaa kwenye trela pale wanapopita kondoo, akanyoosha kidole cha pete. Mzee Kel akakimwagia maji, akaweka kipimo, akainamia kioo. Wanaume wote wakasogea. Hata Tamsin, Mungu amsamehe, alisogea.

"MTUPU!" Mzee Kel akapaza sauti, akakanyaga pedali. Chwaa! Reuben mgongo wote buluu.

Jamani, watu walicheka. Mmoja alimwaga chai. Dooley alishikilia nguzo. "Reuben, unajua watupu tunawapeleka wapi? Buchani!"

Na Reuben akaja kwa Tamsin, machozi ya kicheko yanamtoka, akasema: "Basi umesikia. Nimepimwa. Sina kitu. Horsham siendi."

"Unanitania."

"Siendi, Tamsin. Dooley ana pengo la watu, kondoo wamejaa zizini, halafu niache kazi niendeshe gari mpaka Horsham nikaangaliwe kucha kama bibi harusi? Nimeshapimwa bwana."

Tamsin akahisi damu inampanda masikioni. "Ile mashine imetengenezwa kumwona mwanakondoo aliye ndani kabisa ya tumbo! Kitu kilicho juujuu, chini ya ngozi, haikioni! Ni kama kutafuta chawa kwa darubini!"

Alisema kwa sauti. Kwa sauti kubwa mno. Mzee Kel akainuka kwenye kiti chake.

"Binti, mimi napima kondoo tangu mama yako hajaolewa."

"Sijasema hujui kondoo, Mzee Kel."

"Umesema mashine yangu kipofu."

"Kwa kidole! Kwa kidole ni kipofu!"

"Kidole kina pa kujificha?" Dooley akauliza, wakaangua kicheko upya.

Basi Tamsin akapata wazo, na wakati huo aliliona wazo tamu kuliko yote duniani. Akachukua soseji tatu kwenye sinia la mama yake, akaenda nyuma ya tangi la maji, akachomeka punje moja ya ngano chini ya ngozi ya soseji moja, akarudi nazo kifua mbele.

"Haya Mzee Kel. Moja ina punje ya ngano. Niambie ipi."

Mzee Kel hakuwa mtu wa kukimbia changamoto. Akamwaga maji, akapima soseji ya kwanza. "Mtupu." Ya pili. "Mtupu." Ya tatu akaikodolea macho muda mrefu kuliko kondoo yeyote wa siku hiyo. "Mtupu. Zote tatu."

"Ahaa!" Tamsin akapiga kelele mpaka kondoo wakashtuka. Akazipanga juu ya ubao. "Sasa angalieni wote, mje karibu, Reuben njoo, naivunja mbele ya macho yenu..."

Akageuka kumvuta Reuben mkono. Alipogeuka tena, ubao mtupu. Sajenti, yule mbwa mwekundu wa Dooley, alikuwa anaingia uvunguni mwa banda na soseji ya mwisho mdomoni, mkia unapepea kama bendera.

"Sajenti! Rudi hapa! Sajenti!" Tamsin akalala kifudifudi kwenye tope, mkono uvunguni, anapapasa hewa.

Kile kicheko sasa! Watu walikaa chini kabisa. "Kel, mpime na Sajenti!" Dooley alishindwa hata kupumua. "Mpime uone kama ana punje!"

Kengele ikalia. Chai imekwisha. Wote wakarudi bandani, na Tamsin akabaki amekaa kwenye tope, ushahidi wake uko tumboni mwa mbwa.

Zamu ya pili aliokota manyoya huku akisaga meno. Katika banda la kunyolea hakuna anayemsemesha mnyoaji akiwa kazini. Unapita, unaokota, unafagia, unafunga mdomo. Kwa hiyo alifunga mdomo na kuangalia. Na akiangalia aliona kitu ambacho ukikaa mezani naye hukioni. Reuben hakuwa anaishika mashine kwa mkono mzima. Aliishika kwa vidole vitatu. Kile cha pete kimesimama pembeni peke yake, kama cha bibi anayekunywa chai kwa tajiri. Kila kondoo akirusha mguu, Reuben anabana midomo. Mara moja mashine ilimteleza, akaidaka hewani, akatazama kulia na kushoto kama kuna aliyeona.

Yupo aliyeona. Angeweza kulia, na angeweza pia kumpiga na ufagio.

Chakula cha mchana hakikushuka. Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, mwambie. Wewe anakusikiliza."

"Muache kaka yako, Tamsin. Umeshamwaibisha mbele ya wenzake na masoseji yako. Mwanamume wa banda halalamiki, na hasemewi na dada yake."

"Angekuwa kondoo ungeshamwita daktari wa mifugo!"

Glenys alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama. Akaendelea kukata, lakini vipande vikawa vinatoka vinene, vyembamba, hovyohovyo, na Glenys hajawahi kukata mkate hovyo.

Tamsin akatoka nje. Mzee Kel alikuwa hajaenda kula. Alibakiza kundi dogo, anataka amalize. Pacha. Mmoja. Pacha. Kisha kondoo mmoja mzee akasimama mbele yake, Mzee Kel akagusa, akasogeza, akagusa tena, akapiga kelele: "Zungusha!" Na kondoo yule hakupigwa rangi. Alifunguliwa kigeti cha pembeni, akarudishwa nyuma ya foleni apite upya.

Tamsin akasimama palepale.

"Mzee Kel, yule umemrudisha kwa nini?"

"Sikumwona vizuri. Mkojo umejaa, au kasimama vibaya. Usiyemwona humpigi rangi. Ukimwita mtupu na kumbe ana mtoto, umemuua na mtoto wake."

"Na kidole cha Reuben? Ulikiona?"

Mzee Kel akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Uliuona hata mfupa, Mzee Kel? Mfupa tu?"

"Ilikuwa mzaha, binti. Mzaha wa chai."

"Yeye kauchukua kama kipimo. Kasema haendi kwa sababu umempima. Nenda kamwambie tu kwamba hukuona kitu."

"Niende mbele ya timu ya Dooley niseme sikuona? Baada ya zile soseji zako?" Akarudi kukaa kwenye kiti chake kifupi. "Kondoo wananisubiri."

Hapo Tamsin akakata tamaa kabisa. Saa ikagonga saa saba, kengele ikalia, mashine zikaanza kuvuma, na Reuben akaburuta kondoo wake wa kwanza wa mchana. Tamsin akachukua ufagio. Akaanza kumtungia kichwani barua ya maneno makali ya kumsomea siku atakayoshindwa kufunga vifungo vyake mwenyewe, na barua ile ilikuwa inanoga, alishafika ukurasa wa pili, mlango wa zizini ukafunguliwa kwa kishindo.

Mzee Kel. Na ovaroli yake inayochuruzika, na buti zake za kinyesi, akapanda juu ya sakafu ya kunyolea katikati ya zamu! Hata mwenye shamba hafanyi hivyo. Wanyoaji wawili wakainua vichwa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Reuben, akasimama, akapaza sauti juu ya mashine zote:

"NOSKE! ZUNGUSHA!"

"Unasemaje?" Dooley akapiga kelele.

"Nasema azunguke! Sikumwona! Niliona ukungu mtupu, hata mfupa sikuuona! Kondoo nikimwona ukungu namrudisha foleni, huyu nikampiga rangi kwa sababu nyie manyani mlikuwa mnacheka! Haya, arudi akapimwe kwa mashine inayoona!"

Reuben alikuwa na kondoo kati ya magoti, nusu kavaa nusu uchi. Akammaliza, maana kondoo huwezi kumwacha nusu, akamsukuma nje, akavuta kamba, mashine yake ikanyamaza. Akamtazama Dooley.

"Nenda bwana," Dooley akasema, "kabla Kel hajaniweka na mimi kwenye foleni."

Glenys alikuwa ameshasimama nje kwenye gari. Kafungasha mikate, ile minene na ile myembamba, kaweka juu ya kiti. "Endesha polepole," akamwambia Tamsin. Kisha, kwa sauti ndogo, "Wala usiendeshe polepole sana."

Wakashika njia ya Horsham. Halafu Reuben, anaangalia dirishani, akasema, "Hiki cha pete sikikunji tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka! Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

"NIMEKUULIZA! Tangu nashuka garini nakuuliza!"

"Uliuliza kucha."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mbele yao likaingia lori la majani ya kondoo, pana kama nyumba, linakwenda mwendo wa bwana harusi. Huwezi kulipita. Tamsin akapiga honi. Dereva akapunga mkono kwa upole, akadhani anasalimiwa.

Walipofika Horsham saa tisa ilikuwa imeshapita vizuri tu. Dada wa mapokezi akawaangalia, mmoja ana tope kifuani, mwingine ana mgongo wa buluu, akasema daktari anafunga vifaa. Tamsin akaanza kuomba, akaomba mpaka sauti ikamkauka, mpaka mlango wa ndani ukafunguliwa na Daktari Seneviratne akatokea, mwanamke mfupi mwenye asili ya Sri Lanka, koti lishaingia mkono mmoja.

"Nani anapiga kelele?" Kisha akaona. "Hii rangi mgongoni ni ya nini?"

"Nimepimwa mimba, daktari," Reuben akasema. "Sina."

Daktari akamtazama. Akacheka mpaka akavua koti.

Kile kipimo chake kilikuwa kidogo kama mswaki wa mtoto. Akapaka jeli juu ya ukucha, akakiweka polepole, hata hakukandamiza, na kwenye kioo kidole cha Reuben kikafunguka kama kitabu. Tamsin alijua cha kutafuta. Ukucha mzima, usioumwa, unaonekana kama mistari miwili myeupe, sambamba, safi, kama reli. Wa Reuben reli ile imevurugika, imejikunja, mahali pengine mistari imeungana ikawa mmoja. Chini yake nyama imetuna. Daktari akabonyeza kitufe, na pale ilipotuna pakawaka wekundu, damu inakimbilia pale, kama makaa ukiyapulizia.

"Hapo pana moto," daktari akasema. "Na hapa, ona kano inaposhika mfupa, nayo imevimba. Eksirei ingekuonyesha nyumba ikishaungua. Hii inakuonyesha moshi." Akahamia kidole kingine, na kingine, na kisigino. Kila mahali akitaja: kimevimba, bado hakijaliwa, kimevimba, bado hakijaliwa. Reuben akaanza kulegea mabega.

Akafika cha pete. Akageuza kipimo huku, akageuza huku.

"Tamsin, wewe unasomea. Unaona nini?"

Ukingo wa mfupa ulitakiwa uwe mstari laini. Pale kwenye kiungo cha mwisho palikuwa na pengo. Dogo tu. Kama panya kapita kwenye mkate.

"Umeanza kuliwa," Tamsin akasema.

"Hicho kimoja," daktari akasema. "Hicho hakirudi, Reuben, sikudanganyi. Vingine tumeviwahi. Nitakata kipande cha ukucha kiende maabara, ili hakika ya fangasi nayo ipatikane, lakini picha hizi na magamba yako nyuma ya sikio vinaniambia ni soriasisi na baridi yabisi yake. Kuna dawa. Wiki ijayo tunaanza."

"Nitanyoa?"

"Kwanza tuzime moto. Kisha tutaona."

Reuben akaguna. Labda ni mara yake ya kwanza kuambiwa "tutaona" na mtu mwingine.

Wakarudi. Barabara tupu safari hii, hakuna hata lori, sasa ambapo hawana haraka! Tamsin anaendesha, anawaza lile pengo. Lilikuwepo Pasaka? Lilikuwepo wakati vidole vinaoshwa kwa dawa ya kwato? Wangekuja mwezi wa tano, lingekuwepo? Alitamani kumuuliza mtu na hakuna wa kumuuliza.

"Tamsin," Reuben akasema.

"Nini?"

"Wewe ndo msomi wa nyumba. Kama jambo lenyewe ni zito hivi, mbona hukunilazimisha?"

Tamsin akakanyaga breki. Akasogeza gari pembeni, akazima injini, akashuka, hakufunga hata mlango. Akavuka mtaro mpaka kwenye uzio, akashika waya kwa mikono miwili, akapiga ukelele. Haukuwa na neno ndani yake. Ulikuwa ukelele tu, mrefu, kutoka kwenye visigino. Uwanja mzima wa kondoo wakainua vichwa, wakamtazama, wakaona hawahusiki, wakarudi kula.

Aliporudi, Reuben alikuwa kaweka chupa ya soda ya tangawizi kwenye mapaja, anaitazama.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Haya. Ukimaliza." Akamnyooshea ile chupa, macho yake yako dirishani. "Nifungulie. Hiki kizibo siku nyingi sikiwezi."

Tamsin akaipokea. Akaifungua, huku akimtukana, na matusi yake yalidumu mpaka kwenye kona ya kwenda Kurrabeen.